Punda Niliyesema Simjui

Binti yangu ndiye aliyetaka kuona ile filamu. Ana miaka tisa, shule zilikuwa zimefungwa, mvua haikatiki, na kwa siku nne alikuwa amenifuata kutoka jikoni hadi chumbani akiniambia ameboeka, kana kwamba mimi ndiye niliyeajiriwa kumchangamsha. Alikuwa ameona tangazo: watoto wawili, punda mmoja, kisima kilicho mbali. Akasema lazima twende na guka yake, yaani babangu, kwa sababu guka hajawahi kuingia sinema tangu azaliwe. Nikakubali. Nilipokata simu baada ya kumwalika mzee, nikaanza kujuta.

Nitasema kwa nini. Babangu aliendesha mkokoteni wa punda Kangemi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alichota maji kwenye kioski na kuyapeleka kwenye ploti ambazo mifereji yake ilikuwa mapambo tu. Mchana maji yakipungua, alivuka bonde kwenda upande wa Kitisuru kukata nyasi, akawauzia watu waliofuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba zao. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, ikatuvisha, na kunisomesha mimi hadi nikapata kiti cha kuzunguka katika ofisi ya katikati ya jiji. Na binti yangu hakujua hata neno moja juu yake.

Mume wangu anajua nusu. Wazazi wake walipokuja kwetu kuzungumzia mahari, mmoja wa wazee aliuliza babangu alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nilikuwa nimebeba sinia ya chai. Nikajibu mimi, ambaye sikuulizwa: "Baba alikuwa kwenye biashara ya usafirishaji." Mzee wangu, akiwa ndani ya koti lake la kanisani, akatikisa kichwa polepole na kusema, "Ndiyo. Usafirishaji." Basi ikawa hivyo. Si uongo kabisa, maji yalisafiri. Lakini mtu akisema usafirishaji watu huona malori, na mimi nilitaka waone malori.

Kwa hiyo fikirieni: filamu ya punda, mzee anayejua punda, na mtoto ambaye haishiwi maswali. Sikuogopa mtoto ajue guka aliendesha punda. Siku hizi watu hata huona ni jambo la kupendeza, wanalipigia picha. Niliogopa aniulize kwa nini nilimficha jambo hilo. Maana nyuma ya kuficha kuna siku moja, na siku hiyo nilipaswa kumwambia babangu pole, na miaka zaidi ya thelathini imepita bila neno hilo kutoka mdomoni mwangu. Si kwamba nilisahau. Ningemtembelea Jumapili, neno linafika kooni, kisha ninamuuliza kama dawa za presha zimeisha.

Wacha nianze na yaliyo mazuri, kwa sababu yalikuwa mengi.

Tuliishi chumba kimoja na kipande cha uwanja, na kipande hicho kilikuwa cha punda. Baba hakumpa jina. Alimwita "wewe", na punda alijua ni yeye, hata kama tulikuwa watu watano uani. Alikuwa wa kijivu, ana mstari mweusi begani na sikio moja lililopasuka ncha kabla hajaja kwetu. Asubuhi ningeamshwa na harufu yake kabla ya sauti yoyote, harufu ya nyasi zilizolowa na gunia, na mpaka leo nikipita mahali penye nyasi zilizokatwa karibuni, hapa ninapoishi sasa ambapo watu hukatiwa nyasi kwa mashine, moyo wangu unaenda Kangemi bila kuniomba ruhusa.

Baba alikuwa na sheria zake. Ya kwanza: kioskini punda anakunywa kabla mtungi wa kwanza haujajazwa. Watu wa foleni walinung'unika sana, akawaambia hata fundi wa gari hutia maji kwanza. Ya pili: hakuna kidonda kinachofunikwa na mkanda wa mkokoteni. Wenzake walipaka vidonda vya punda wao oili chafu ya gari, yeye alikuwa na rafiki kwenye machinjio ya Dagoretti aliyempelekea mafuta ya kondoo kwenye kopo, na kila jioni alimsugua punda shingoni na kifuani kama vile mama anavyompaka mtoto baada ya kuoga. Mama alisema ule mgongo wake mwenyewe haujawahi kupakwa hivyo. Baba akasema mgongo wake haujabeba mitungi kumi na mbili.

Mitungi ilikuwa na elimu yake. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukiujaza sana nyuma, miti ya mbele inapanda na mkanda unamkaba punda koo. Ukiujaza mbele, uzito wote unamlalia mgongoni. Baba alipanga mitungi, akaihamisha, akasogeza mmoja huku na mmoja kule, kisha akaweka kidole kimoja chini ya mti wa mbele na kuuinua. Ukiinuka kwa kidole, tunaondoka. Usipoinuka, tunapanga upya, hata kama mteja anapiga kelele kwamba sufuria iko motoni. Vijana wa mikokoteni mingine walikuwa wakipita mbio wakisema punda afe mzigo ufike. Baba aliudharau msemo huo kuliko matusi. Na ile methali ya shukrani ya punda ni mateke, alisema aliyeitunga hakuwahi kumlisha punda, alimpiga tu, sasa alitarajia kupewa nini, soda?

Kazi yangu ilikuwa kushika kamba asubuhi, kutoka uani hadi kioskini, kabla ya kwenda shule. Nilikuwa na miaka sita, saba, minane, na kuendelea. Nilitembea mbele ya yule mnyama mkubwa na mimi ndiye kiongozi, na watu walinisalimia kwa cheo hicho. Mfukoni mwa sweta nilibeba ukoko wa ugali wa jana. Tukifika mahali barabara inapopanda, namkatia kipande, anapumua hewa ya moto mkononi mwangu, tunaendelea. Aki, nilikuwa na raha. Sidhani nimewahi kuwa na cheo ofisini nilichokifurahia hivyo.

Nilipofika darasa la sita nikahamishwa. Nilikuwa na alama nzuri na pasta wetu alikuwa na maneno mazuri, basi nikapata nafasi katika shule ya ng'ambo ya bonde, ambako watoto waliletwa na magari na chakula cha mchana kilikuwa na matunda. Hakuna aliyenifundisha aibu. Niliiokota mwenyewe, pole pole, kama mtoto anavyookota chawa, kwa kuketi karibu na wengine. Walizungumza juu ya kazi za baba zao, nami nikawa ninafunga kamba ya kiatu. Waliuliza ninaishi wapi, nikasema Westlands, kwa wenye pesa, kwa chini. Kwa chini sana, lakini sikumalizia.

Muhula wa pili, mifereji ya shule ikakauka wiki nzima. Jikoni wakaagiza maji ya mkokoteni. Ni lazima walimwagiza yeyote aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu, na anayefika kwa wakati, alikuwa babangu. Hakuniambia nyumbani. Labda alifikiri nitafurahi.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Nilikuwa nimeketi kwenye nyasi na wasichana watatu, na nikaona mkokoteni ukiingia lango la nyuma. Nikainamisha kichwa. Nilifikiri atapita kando ya ukuta hadi jikoni, ashushe mitungi, aondoke, na Mungu atakuwa amenisaidia. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba pale hatukuwa wawili tu, mimi na baba. Punda aliniona, au alisikia harufu ya sweta langu, sijui. Akaiacha njia. Akakata uwanja wa shule moja kwa moja na mkokoteni wake, maji yakimwagika kwenye nyasi zilizopangwa vizuri, baba akivutwa nyuma ya kamba, na akaja kusimama mbele yangu mimi, kati ya wanafunzi mia mbili, akaingiza pua mfukoni mwangu.

Wasichana walikimbia wakicheka. Mmoja, ambaye babake alikuwa daktari, akarudi na kuuliza kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote, "Kwani anakujua?"

Nikasema, "Simjui. Sijui hata ni wa nani."

Baba alikuwa amefika. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo, ameshika kamba, jasho linamtoka. Alinitazama mara moja tu. Kisha akamvuta punda na kumwambia, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Wewe, rudi huku. Usisumbue mtoto wa watu."

Mtoto wa watu. Nilikuwa mtoto wake wa kwanza.

Jioni nilienda nyumbani nikisubiri kiboko, na ningekipokea kwa mikono miwili. Hakikuja. Baba alikuwa nje na punda, mama akaniambia nile nilale, nikalala kabla hajaingia. Kesho yake aliniuliza kama nimefanya hesabu zangu. Maisha yakaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Asubuhi sikushika tena kamba. Hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe. Nilipokuwa sekondari, shule ya bweni, punda alikufa kwa uzee. Baadaye mama alinisimulia kwamba watu walikuja kumtaka wamnunue wamchinje akiwa bado anasimama, baba akawafukuza, na alipokufa akamzika kwenye shamba la yule rafiki wa Dagoretti. Nilipofika likizo nikakuta uwanja ni mtupu. Baba akasema, "Yule amepumzika." Nami nikasema, "Sawa." Sawa tu. Ningejipiga makofi leo.

Sasa ndio turudi sinema.

Baba alikuja na koti la kanisani na kofia. Taa zilipozimwa akavua kofia na kuiweka kwenye magoti, kwa heshima, na binti yangu akataka kucheka nikamkanya kwa jicho. Tulikaa yeye katikati, mtoto upande mmoja na bakuli lake la bisi, mimi upande wa pili nikiwa nimekaza mabega kama mtu aliyeenda kung'olewa jino.

Filamu yenyewe si mbaya. Kaka na dada, baba yao ni mgonjwa, wanachukua punda wake ili kijiji kisikose maji, na kuna tajiri mmoja mwenye tumbo anayemtaka huyo punda. Lakini sijui watengenezaji wa filamu huwatoa wapi wale punda. Msafi, kwato zimepakwa mafuta, kifuani hana hata alama ya mkanda. Baba alimtazama muda mrefu kisha akaniinamia. "Huyu hajawahi kubeba kitu," akasema. Nikasema, "Ni sinema, baba."

Kisha wale watoto wakaanza kupakia mitungi. Wakaipanga yote nyuma. Nilihisi mzee akisogea kitini. Mtungi wa tano, nyuma. Wa sita, nyuma. Miti ya mbele ikaanza kupanda, na yule punda msafi akainua kichwa. Babangu, katikati ya ukumbi uliojaa familia za watu, akasema kwa sauti ya kioskini: "Leteni mbele hiyo miwili. Mnamkaba."

Watu wakageuka. Kuna aliyecheka. Binti yangu aliacha kutafuna. "Guka," akanong'ona, "umejuaje?"

Baba alitazama mbele. Mimi pia nilitazama mbele.

Karibu na mwisho punda wa filamu akaanguka barabarani na yule msichana akamlalia shingoni akilia. Ukumbi mzima ukaanza kuvuta kamasi. Mimi nililia vibaya, nikalia na nikajichukia, na nilijua simlilii yule wa kwenye skrini. Baba hakulia. Akamgusa mjukuu wake bega na kumwambia, "Huyo hajafa. Angalia sikio." Sikio likatikisika kweli. Mtoto akacheka huku machozi yakimtoka, na akamtazama guka yake kama anayemwona mara ya kwanza.

Tulipotoka nje mvua ilikuwa imetulia. Tukasimama kwenye baraza ya jengo, watu wakipita na miavuli yao, nikawa ninatafuta teksi kwenye simu. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania mkono wa koti la mzee. Nilijua swali linakuja, na likaja.

"Guka, niambie. Umejuaje ile ya mitungi? Na ile ya sikio?"

Babangu akanitazama mimi. Si kwa kulaumu. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mwenye nyumba kabla ya kukaa. Ana miaka sabini na nne, na alikuwa ananiomba ruhusa ya kusema aliishi vipi. Nami nikachelewa. Labda sekunde mbili, tatu, lakini alizihesabu, kwa sababu alimgeukia mtoto na kusema kwa upole kabisa, "Nilikuwa ninaona watu wakifanya. Unajua zamani Kangemi kulikuwa na punda wengi."

Alinidanganyia. Alikuwa amebeba uongo wangu tangu siku ile kwenye uwanja wa shule, akaubeba mbele ya wakwe, na sasa alikuwa anaubeba mbele ya mjukuu wake, bila hata kupumzika.

"Hapana," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, mama mmoja aliyekuwa akifungua mwavuli akanitazama. "Guka yako hakuwa anaona watu. Alikuwa na punda wake. Aliuza maji na nyasi miaka ishirini na zaidi, na hayo ndiyo yaliyonisomesha. Mimi ndiye niliyekuficha."

Mtoto akafungua mdomo. "Guka alikuwa na punda? Wake mwenyewe?" Kisha, kama nilivyojua, akanigeukia. "Na ulikuwa unanificha kwa nini?"

Nikamwambia. Palepale kwenye baraza, mbele ya babangu, nikamwambia habari ya uwanja wa shule, na lango la nyuma, na pua mfukoni, na nilichosema, na alichosema baba. Sikupunguza. Simu ilikuwa inalia mkononi, dereva wa teksi amefika na hanioni, nikaiacha ilie. Nilipomaliza nilishindwa kumtazama mtoto, basi nikamtazama mzee.

"Pole, baba," nikasema.

Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi.

"Siku ile nilienda nyumbani nikamwambia mama yako, huyu hatarudi kwa punda," akasema. "Nikamwambia shule imeanza kufanya kazi. Mama yako akamshukuru Mungu pale pale. Nilifurahi, kusema ukweli nilifurahi sana." Akavaa kofia. "Lakini chakula sikula. Nilikaa kule nje na yule, nikashindwa kabisa kumeza."

Binti yangu aliingia katikati yetu, akamshika guka mkono mmoja na mimi mkono mwingine, hakusema kitu, na kwake hilo ni jambo kubwa.

"Pole," nikasema tena.

"Nimesikia," akasema babangu. "Nilikusikia hata ile mara ya kwanza. Sasa pokea simu, mtu wa watu anangoja."